Twiga alipigwa sindano ya usingizi, mbona hakuamka?

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mkulima na mfugaji, naishi wilaya ya Chemba, upande unaopakana na Pori la Akiba Swagaswaga. Twiga dume alikaa siku nne karibu na mashamba yetu anachechemea, mguu wa nyuma umevimba na waya umezama ndani. Tulitoa taarifa, wataalamu wakaja na gari, wakampiga sindano ya usingizi kwa bunduki. Akakimbia kama dakika tano hivi, akaanguka, hakuamka tena. Watu hapa wanasema dawa ilizidishwa. Nyama yote ikachomwa moto sisi tukiangalia, na mwaka huu mvua zimekuwa haba, chakula ni shida. Siku tatu baadaye mwanangu wa miaka 11, anayechunga mbuzi, akaokota sindano nyingine porini, ina manyoya mekundu, ameichomeka kwenye ukuta wa tembe juu ya mlango. Maswali yangu: kama ni usingizi tu, mbona alikufa? Akitokea mwingine si bora tumkate waya wenyewe? Na nyama ile ilikuwa na ubaya gani? Mtoto naye haachi kuuliza kama twiga aliumia."

Pole sana, ndugu yangu, na asante kwa kuuliza badala ya kubaki na maneno ya kijiweni. Yote nitayajibu, lakini naanza na jambo ambalo hukuliuliza: ile sindano ya juu ya mlango.

Nilipousoma ujumbe wako nilikupigia simu kabla sijaandika hata mstari mmoja, na nashukuru kwamba afisa wanyamapori wa wilaya aliifuata siku ileile, akiwa na glovu na kopo la chuma lenye kifuniko. Kwa hiyo haya ya mwanzo nawaandikia wengine wanaoishi kandokando ya Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi, Kizigo na Rungwa, ambao watoto wao wanachunga kwenye vichaka hivyohivyo tunamofanyia kazi sisi madaktari wa wanyamapori. Sindano zetu hupotea. Tunazitafuta, mara nyingine mpaka jua linazama, na bado kuna zinazobaki. Yale manyoya mekundu tumeyaweka ili tuzione kwenye nyasi, na hayohayo ndiyo yanayomvutia mtoto.

Sindano hizi zimetengenezwa hivi. Bomba lake lina vyumba viwili. Cha mbele kina dawa, cha nyuma kimejazwa hewa kwa presha. Sindano haina tundu kwenye ncha. Ina vitundu ubavuni, vimezibwa na kipande kidogo cha mpira laini, kama ala fupi. Ikimwingia mnyama, ngozi yake inausukuma mpira ule nyuma, vitundu vinafunguka, na hewa inaisukuma dawa yote ndani ya msuli kwa sekunde moja au mbili. Sasa fikiria sindano iliyomkosa mnyama ikaangukia kwenye nyasi. Dawa imo yote, na hewa bado imebana nyuma yake. Mtoto akiuvuta ule mpira kwa kucha, dawa inamrukia machoni na mdomoni.

Dawa yenyewe tunaiita M99, kwa jina la kitaalamu etorfini. Ni ya jamii moja na mofini wanayopewa wagonjwa wenye maumivu makali, ila nguvu yake inaizidi mofini zaidi ya mara 1,000. Tembo dume mzima, mwenye tani 5 hivi, tunamlaza kwa takriban miligramu 15. Punje moja ya mchele ina uzito kuliko hapo. Mimi ninapoivuta kutoka kwenye chupa navaa glovu na miwani, na pembeni yangu lazima asimame mtu wa pili anayejua kunichoma dawa ya kunirudisha. Dawa hiyo inatolewa sandukuni mapema na kuwekwa juu ya boneti, palipo wazi. Asipokuwepo mtu huyo, chupa haifunguliwi, hata mnyama awe katika hali gani.

Kwa hiyo ukiikuta porini, usiiguse. Ifunike kwa ndoo au sufuria kuukuu, weka jiwe juu, funga kitambaa kwenye mti wa karibu, kisha piga simu. Usiitupe chooni, usiioshe, usiitie motoni, bomba linaweza kupasuka. Kama dawa imemgusa mtu, mwoshe kwa maji mengi bila kumsugua. Dalili huanza ndani ya dakika chache: kizunguzungu, kichefuchefu, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, halafu anasinzia na pumzi zinapungua. Kinachoua ni pumzi kukoma. Mkimbizeni hospitali, mtajieni mganga jina etorfini, ulizieni naloksoni, dawa inayozima nguvu ya dawa za jamii ya mofini, na njiani mtu mmoja asiondoe macho kwenye kifua chake. Akiacha kupumua, mfuteni uso mumpulizie hewa mdomoni, na msiache mpaka mfike. Mwanao aliishika sindano ile siku kadhaa zilizopita na ni mzima, kwa hiyo kwake hatari imepita. Dawa hii haingoji wiki.

Tuje kwa twiga.

Neno "usingizi" tumelizoesha sisi wataalamu, kwa sababu ni jepesi kulisema mbele ya wanakijiji, na nadhani tulikosea. Anayelala anapumua vizuri, anameza mate, na mwili wake unajua joto limezidi au la. Mnyama aliyepigwa M99 amenyang'anywa vyote hivyo. Pumzi zinakuwa chache na fupi, koo halijilindi, na joto la mwili linapanda bila kizuizi. Tunachomfanyia ni kumsogeza karibu na kifo kwa makusudi, tukifanya kazi yetu haraka, na dawa ya kumrudisha ikiwa tayari mkononi. Kwa mnyama mwenye afya, asubuhi ya baridi, mahali tambarare, hatari yake ni ndogo. Kwa twiga, katika hali uliyoieleza, ni kubwa hata kwa daktari hodari.

Twiga ndiye mnyama ninayemwogopa kuliko wote, na wenzangu wengi watakwambia vivyo hivyo. Msukumo wa damu yake ni karibu mara mbili ya wa binadamu, kwa sababu moyo unapaswa kuipandisha damu mpaka kwenye kichwa kilicho juu ya shingo ya karibu mita 2. Bomba lake la hewa ni refu vilevile, na pumzi zikiwa fupi, hewa iliyotumika inabaki humohumo ikienda na kurudi bila kufika mapafuni hewa mpya. Ni mnyama anayecheua, kama ng'ombe na mbuzi wako, kwa hiyo akilala vibaya majani ya tumboni yanarudi kooni na kumwingia mapafuni. Halafu kuna anguko lenyewe. Mnyama wa urefu wa mita 5 akidondoka kwenye korongo au juu ya kisiki, anaweza kuvunjika shingo kabla hatujashuka kwenye gari.

Ndiyo maana twiga hatumwachi alale. Tunampiga dawa, na akianza kuyumba vijana wanampitishia kamba mbele ya miguu ili aanguke pale tunapotaka. Akishagusa chini tu, ile dawa ya kurudisha inaingia kwenye mshipa wa shingo, nusu dakika haijapita. Kuanzia hapo twiga yule yuko macho, na kinachomzuia kuinuka ni watu waliokalia shingo yake, kitambaa usoni, na pamba masikioni. Kwa hiyo waya unatolewa twiga akiwa anajua kila kitu. Watu wanaoshuhudia hushangaa, lakini afadhali mnyama aliyeshikwa na watu sita akiwa anapumua kuliko aliyetulia huku pumzi zinakatika.

Mnasema dawa ilizidishwa. Mimi sikuwepo, na siwezi kumsafisha wala kumhukumu mwenzangu kwa kusikia. Lakini kuna jambo watu wengi hawalijui: kwa twiga, dawa kidogo huua zaidi kuliko dawa nyingi. Akipewa kidogo haanguki. Anapandwa na wazimu wa dawa, anainua kichwa juu kama anatazama mawingu, na anakimbia tu, haoni miti wala mashimo, dakika kumi, kumi na tano. Tukimpa dozi kubwa anaanguka upesi, na kwa kuwa tunairudisha papo hapo, ukubwa wake haumdhuru sana. Hizo dakika tano ulizoziona yeye akikimbia ndizo zinazonitia shaka kuliko kiasi cha dawa.

Kwenye simu nilikuuliza swali moja ambalo hukulitarajia: kabla wataalamu hawajafika, twiga yule aliachwa atulie? Ukaniambia ukweli, na nakushukuru kwa hilo, kwamba vijana wa bodaboda walimfuata siku mbili nzima wakimpiga picha, na siku ya mwisho mbwa walikuwepo.

Msuli unaokimbia kupita uwezo wake hukosa hewa ya kutosha, ukaanza kutengeneza asidi. Asidi ikijaa, nyama ya msuli yenyewe inaanza kupasukapasuka na kuvujisha ndani ya damu ile rangi yake nyekundu. Figo haziwezi kuichuja rangi ile zikabaki salama. Mkojo unatoka kama chai ya rangi, na moyo, ambao nao ni msuli, unaanza kupoteza mwendo. Mnyama anaweza kufa palepale, au akainuka, akaondoka, kila mtu akapiga makofi, akafa kichakani baada ya siku kadhaa. Huo ni ugonjwa wa kukimbizwa, na hauna dawa ya maana porini. Sasa mchukue twiga mwenye kidonda, asiyekula vizuri siku nne, aliyekimbizwa mbili, jua la Chemba ni la saa tano, halafu mwongezee dawa inayopunguza pumzi na kupandisha joto. Mnyama wa namna hii tunapima joto lake kwanza. Likivuka nyuzi 41 tunamwagia maji yote tuliyonayo, mpaka ya kunywa. Likifika 43, maji hayasaidii tena.

Nimepoteza twiga hivyo mimi mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi, upande wa Manyoni, waya kwenye mguu wa mbele. Tulifika saa nne kasorobo, watu wameshajaa, na nilijua kabisa kwamba ningepaswa kuahirisha mpaka alfajiri ya kesho yake. Lakini watu walikuwa wametembea mbali kuja kuona, mwenyekiti ameshanikaribisha kwa maneno mazuri, nikaona aibu kusema "rudini nyumbani". Nikapiga. Akageuka kuelekea kwenye korongo, akaangukia ukingoni, kichwa kikaning'inia chini kuliko mwili. Mpaka tulipoinua shingo, watu wanane, majani mabichi ya mgunga yalikuwa yanamtoka puani. Niliweka kiganja kwenye koo lake nikasikia hewa inapita kwa mkwaruzo, mara tatu, mara ya nne ikawa ndogo, kisha kimya. Kope zake zilikuwa ndefu na zimejaa vumbi. Tangu siku ile nikiona umati, naahirisha, hata nikitukanwa.

Na wapo wanaopona. Jike mmoja nilimkuta saa kumi na mbili na robo asubuhi, kuna baridi, wachungaji wawili tu wamekaa mbali chini ya mti tangu jana yake wakimwangalia bila kumsogelea. Waya ulikuwa ule unaotolewa kwenye tairi lililochomwa, mwembamba, na nyama ilikuwa imeshaufunika. Niliutafuta kwa kidole ndani ya usaha, nikaupata, nikaingiza plaizi, ukakatika kwa sauti ndogo ya "tk". Tukaosha funza, tukapulizia dawa ya kidonda, nikamchoma kiuavijasumu cha muda mrefu. Dakika tisa. Watu waliporuka pembeni alikaa kitako kidogo, akarusha shingo mbele mara mbili ili kujiinua, akasimama. Wale wachungaji ndio waliomponya, kwa kukaa kimya usiku kucha.

Swali lako la nyama nalijibu kwa heshima, kwa sababu najua uchungu wa kuangalia nyama ikiungua wakati nyumbani hakuna mboga. Nyama ile ilikuwa na dawa, hasa pale sindano ilipoingia na kwenye ini na figo. Nimekwisha kueleza nguvu yake. Jiko la kuni si kipimo cha usalama, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekuhakikishia kwamba kipande chako hakina kitu. Mizoga ya namna hii haiachwi hata kwa fisi, tai na mbwa wenu, ndiyo maana inachomwa au kuzikwa chini sana. Kosa la wenzangu, kama hawakulieleza hilo mkiwa mmesimama pale, ni kutowaeleza. Na nje ya dawa, kisheria nyama ya mnyamapori ni nyara ya serikali, iwe amekufa kwa sindano, kwa gari au kwa ugonjwa. Ukimkuta mnyama amekufa ghafla bila jeraha, damu nyeusi inamtoka puani au njia ya haja kubwa, usimpasue kabisa. Inaweza kuwa kimeta, na kimeta hakichagui mla nyama na mchuna ngozi.

Je, mngemkata waya wenyewe? Hapana, na nakuomba uwaambie na vijana. Teke la twiga huua simba. Anapiga mbele, anapiga nyuma, na aliyeangushwa kwa kamba na watu wasio na dawa ya kumtuliza atajiua kwa kuhangaika au atamuua mmoja wenu. Kuna jambo jingine: twiga ni mnyama wa taifa, na mkikutwa mmesimama juu ya mzoga wake na panga na kamba, maelezo kwamba mlikuwa mnamsaidia yatawapa tabu sana. Digidigi au swala mdogo aliyenaswa na bado amefungwa kwenye mti ni jambo jingine kidogo. Huyo anaweza kufa kwa hofu ndani ya saa moja mkimzunguka. Toeni mbwa, toeni watoto, piga simu, na askari wakikwambia kwa simu umfunike macho kwa nguo wakati wanakuja, fanya hivyo ukijihadhari na pembe.

Halafu ujue kwamba hata mimi wakati mwingine nikifika simfanyii mnyama lolote. Waya uliolegea, mnyama anakula, hachechemei, kidonda kikavu: namwacha, narudi baada ya wiki kumwangalia. Jike mwenye mimba kubwa naye nafikiri mara mbili. Na yupo ambaye mguu umeshaoza mpaka kwenye mfupa. Huyo tunamuua bila kumchelewesha, na mnisamehe, huo nao ni utabibu. Watu huona tumekuja na magari mawili tukaondoka bila kupiga sindano, wakadhani tumezembea.

Kwa hiyo akitokea mwingine, taarifa itoke siku ya kwanza, sio ya nne. Madaktari wa wanyamapori ni wachache, wengi tuko mbali, Arusha, Morogoro, Iringa, na siku moja njiani ni kawaida. Mweleze mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori wa wilaya mambo haya: ni mguu upi, waya umezama au unaning'inia, anakanyaga au anauning'iniza, anakula, yuko peke yake, ardhi ikoje, kuna korongo au maji karibu. Picha moja kutoka mbali inatosha. Kisha mtu mmoja au wawili wamwangalie wakiwa mbali, chini ya mti, na wengine wote wabaki nyumbani. Mkiweza kuwazuia vijana wa bodaboda, mmeshafanya nusu ya kazi yangu.

Sasa la mwanao. Mwambie kwamba dawa ile ni miongoni mwa dawa kali kabisa za kuua maumivu zilizopo, na inaua maumivu kabla haijamwangusha mnyama. Siku nne mguu ulimuuma sana. Zile dakika za mwisho haukumuuma. Alivyokimbia ni dawa iliyomkimbiza, twiga hufanya hivyo hata kama nyuma hakuna mtu. Hofu alikuwa nayo gari lilipomsogelea, na kabla ya hapo mbwa walipomfukuza. Hilo usimfiche, anachunga mbuzi, anaijua hofu ya mnyama akiiona. Na kama kwenye machungio yake anajua vichaka vyenye vitanzi vya waya, asivifungue peke yake, akuonyeshe wewe, nawe umpigie afisa yuleyule aliyeifuata sindano.

Mwezi ujao nina kazi upande wa Kwa Mtoro. Nitamletea bomba tupu, lililooshwa na kung'olewa sindano, na manyoya yake mekundu, badala ya lile tulilomchukulia.